Maji Kabla ya Pembe

...maana Andrea hatabisha hodi kama watu wengine, atasimama kwenye ile kona ya njia, chini ya kahawa za Ernesta, atatia filimbi mdomoni na kuipuliza mara tatu, kaandika mwenyewe kwenye barua, nitapiga mara tatu ili mwanangu anikimbilie, mwanangu anikimbilie... na Dina akavunja ganda la haragwe, punje nne zikaangukia kwenye ungo, ya tano ikarukia vumbini, akaiokota, akaifuta kwa pindo la kanga, leo Ijumaa, leo ndiyo leo, treni huwateremsha watu Makanya asubuhi, na sasa jua limeshavuka paa la jiko, kwa hiyo ameshaumaliza ule ukavu wa bondeni, ameshaanza kupanda, mtu wa reli miguu yake imezoea mataruma, labda sasa hivi yuko kwenye mteremko wa mawe, labda ameshafika penye baridi, anavaa koti lake, anatabasamu peke yake njiani, na filimbi iko mfukoni. Mtoto alikuwa pale, hatua kumi na tano chini ya jiwe alilokalia mama yake, amesimama ndani ya mfereji, maji yakimfika kifundoni tu, maana ndiva huko juu ilikuwa bado imezibwa, lile bwawa la mawe na udongo ambamo maji ya mlima hulala usiku kucha yakingoja zamu ya mashamba, na mferejini kulikuwa na kijito chembamba tu cha kuvuja, kizuri kwa tope, na tope lilimfika Aminieli mpaka kwenye nyusi. Miaka miwili na nusu, tumbo mbele, kijiti mkononi, anachimba, anatia kidole kwenye shimo, anakitoa, anakitazama, anakirudisha, mtoto mzima kabisa, miguu ya baba yake, paji la uso la baba yake, nani angemtazama mtoto huyu akasema ana kasoro, hakuna, na hakuna aliyesema, ni yeye Dina tu, moyoni mwake, na hata moyoni hakulisema, alilizunguka tu kama mtu anavyozunguka nyoka aliyelala njiani.

"Dina we!" Mama mkwe huyo, jikoni, moshi unamtangulia mlangoni. "Hayo maharage unayapukuchua au unayabatiza? Jua la Ijumaa halingoji mtu!" "Naja, mama, yamebaki machache," hayakuwa machache, nusu kikapu, na makande ya Sabato lazima yawe yameinjikwa mapema yaive kabla jua halijazama, maana kesho hakuna kuwasha moto wala kushika jembe, na baba yake Amini akifika atataka makande, kaandika, huku Same tunakula ugali na maharage ya wadudu, nimeota makande ya mama, kaandika mambo mengi, barua kurasa mbili, na kila mstari ulikuwa na furaha ambayo Dina mwenyewe ndiye aliyeipanda, ndiyo, mwandiko wake mzuri, mwandiko uliosifiwa darasa la nne mbele ya watoto wote, mwalimu akaunyanyua ubao wake juu, tazameni, huu ndio mwandiko... na mkono ule ule, mwezi wa pili, ukaandika, mtoto hajambo, ameanza kusema baba. Mungu amsamehe. Alisema ba. Alimsemea mbuzi. Alibana midomo akaiachia, ba, akacheka jinsi midomo ilivyomtekenya, akarudia, ba, mbuzi akamtazama, na Dina akakimbilia kalamu. Andrea akawasomea gengi zima la reli, wote wamefurahi, nyapara amenipa siku nne, na kwa kuwa umeniambia mtoto wetu anapenda pembe nimemnunulia filimbi dukani kwa Mhindi, ya bati, ina punje ndani, inalia kama ya gadi wa treni.

Pembe. Lile la pembe halikuwa uongo, lile ni kweli, alishike hilo, alishike sana... mzee Hezroni akifungua ndiva hupiga pembe ili kila aliyemo mferejini atoke, awe mtoto awe mbuzi, maana maji yakishuka hushuka kwa nguvu, mtu mzima yatamlowesha magoti, mtoto yatambeba, na kila mtu kitongojini anasema, Ernesta kasema, mama mkwe kasema, pembe ikilia wa kwanza kuwa nje ya mfereji ni Aminieli, mdogo kuliko wote na anawashinda wote. Sasa mtoto asiyesikia atatokaje mferejini kwa pembe? Atatokaje? Hilo swali ndilo Dina alilolala nalo na kuamka nalo, alilikumbatia kama mto wa kitandani, kila mashaka yalipokuja aliyanyooshea hilo, jana jioni alipomwita mara sita na hakugeuka, pembe, wiki iliyopita radi ilipopasuka juu ya mlima Shengena, kuku wakaingia uvunguni na yeye akaendelea kulamba kijiko, pembe, pembe. Ila hakuwahi kuliona hilo kwa macho yake. Kila siku pembe ilipolia yeye alikuwa kisimani, au kwenye kahawa, au jikoni anapuliza moto. Leo amejipanga, amelileta kapu la maharage hapa kwenye jiwe la mferejini makusudi, leo ataona, atamwona mwanawe akisikia, aliweke lile jambo moyoni, na Andrea atakapopiga filimbi yake moyo wake uwe umeshatulia. Na asipo... akavunja ganda jingine, ndani kulikuwa na funza, akamtupia kuku.

Watoto wengine wawili walikuwa kando ya mfereji, kwenye mchirizi mdogo uliochepuka karibu kabisa na jiwe la Dina na kuteremka hadi uani, wanajenga ndiva yao wenyewe, Lea wa Ernesta, mwenye miaka sita na amri za bibi harusi, na mdogo wake Filipo, miaka minne, makamasi mistari miwili, ukuta wa tope umeshasimama, kizibo ni kipande cha shina la mgomba, na pembeni pana jiko la mafiga matatu na kigae cha chungu juu yake, makande ya kokoto na udongo mweusi. "Hayajaiva, usile," Lea anasema. "Mimi ndiye baba, nakula." "Baba gani anakula hajanawa? Kanawe." "Nimenawa jana." "Basi kula jana!" Dina akacheka kidogo, akashangaa kusikia kicheko chake, na jicho likarudi mferejini, Aminieli hakuwa amegeuka, wenzake wanapiga kelele zote hizo na yeye anachimba... lakini mtoto akichimba anachimba, mwenyewe alikuwa hivyo, mama yake alimwita mpaka sauti inakauka, watoto hawageuki, na jana je, jana lile la mfuniko? La mfuniko lilimtia haya hata sasa, peke yake kwenye jiwe. Mganga wa zahanati alimwambia mwanamke mmoja, na mwanamke akasimulia kisimani, kama unashuku masikio ya mtoto simama nyuma yake uangushe kitu cha bati. Akauchukua mfuniko wa sufuria, akasimama nyuma ya Aminieli, akauinua, kisha akasogea hatua moja pembeni akauangushia juu ya gunia. Pf. Juu ya gunia, Dina! Ili asipogeuka, awe na sababu.

Lea akasimama, akapangusa mikono kwenye gauni, akapanda hadi pale kwenye jiwe. "Shikamoo mama Amini." "Marahaba mwanangu, makande yameiva?" "Bado, kuni mbichi." Mkononi alikuwa na ua la boga, la njano, limenyauka kidogo, akachuchumaa ukingoni mwa mfereji, akalitua juu ya kile kijito, akaliangalia likiondoka, kisha akarudi mbio kwenye jiko lake. Ua likashuka taratibu, likazunguka jiwe, likapita, likamgusa Aminieli mguuni, akaliokota, akainua kichwa, akamtafuta Lea, na Lea alikuwa ameshanyoosha viganja viwili, lete tope, na mtoto akachota tope kwa mikono yote miwili akampelekea, likivuja njia nzima, akarudi mferejini. Michezo ya watoto, Dina akawaza, kupanda kote huku kwa ajili ya kuelesha ua, miguu haichoki, na akawaza kwamba Lea ni mtoto mwema, hamsukumi mdogo kama wengine, siku moja atamshonea gauni, akipata kipande cha kitambaa...

"Mama Amini! Leo uso mrefu kama wa posa iliyokataliwa!" Ernesta, anateremka kutoka juu, mzigo wa majani ya ng'ombe umemfunika mpaka mabegani, yanaonekana meno tu. "Si mwenzio anakuja? Paka mafuta basi, au unataka akuone na maganda kichwani?" "Niache, Ernesta." "Nikuache na nani? Haya, na huko juu nimemwacha mzee Hezroni anapambana na kizibo cha ndiva, na pembe kaiweka kule kwenye jiwe, mbali, nikamwambia, baba, sheria ni pembe kwanza maji baadaye, tangu mababu, unajua kanijibu nini? Mwanangu, pumzi yangu ni moja, nikiipulizia pembe sina ya kuvutia kizibo, kwa hiyo navuta kwanza, nakaa, nakohoa, nalowanisha mdomo, ndipo nipige, hawa wa bondeni kwani watakufa kwa kulowa miguu? Kila siku ndivyo, mzee yule, ipo siku ataeleshea mtu mtoto..." "Ee," Dina alisema. "Ee, kweli." Hakuwa amesikia hata neno, yeye mwenye masikio mawili mazima, alikuwa kwenye kona ya njia, alikuwa anamwona Andrea akishusha filimbi mdomoni, akimtazama mtoto, kisha akimtazama yeye, na uso ukibadilika polepole, uliandika anasema baba, uliandika, nikawasomea watu... "Nakwenda, ng'ombe hanywi maneno," Ernesta akasema, akashuka, majani yakiburura, "we Lea, mtazame mdogo wako asile lile tope," akapotea nyuma ya migomba.

Na Dina akakaza macho. Sasa ni karibu, ndiyo, jua liko pale pale linapokuwaga, kila kitu ndani yake kikageuka sikio, akawa anasikia hata asivyotaka kuvisikia, majani ya migomba, mchi wa mama mkwe jikoni, jogoo wa mbali, mbegu ya haragwe ikiviringika kwenye ungo, lia, lia basi, mzee, lia nimwone, mikono ikaacha kuvunja, na Aminieli mferejini akaacha kuchimba. Akasimama wima. Akakitazama kijiti, akakiachia. Akatazama miguu yake, kwa makini, kama mtu aliyesemeshwa na mkubwa, kisha akapiga magoti kwenye ukingo, akashika nyasi, akajivuta, tumbo likakwama, akalivuta nalo, akawa nje, akasimama juu ya nchi kavu na kupiga makofi ya tope, anacheka, na Lea bila kuinua kichwa akasema, "Filipo ondoa mguu, maji yanakuja." Ametoka, Dina akawaza, ametoka, wa kwanza, kweli ni wa kwanza, asante Mungu wangu, ametoka, ame... pembe iko wapi? Akasikiliza. Migomba. Mchi. Jogoo. Akatazama chini ya jiwe lake, na ulimi wa kwanza wa maji ulikuwa umeshapita zamani, mwekundu, baridi, na nyuma yake mfereji unajaa, vijiti na povu vinakimbia, mpaka kwenye alama za vile vidole vidogo, ukazifuta, na maneno ya Ernesta ndipo yalipomfikia, mzee Hezroni bado anakohoa huko juu, bado analowanisha mdomo. Ndipo pembe ikalia. Ilitoka juu ikashuka bonde lote, nzito, kuku wakainua shingo, mbuzi akaacha kutafuna, hata majani yalionekana kunyamaza, ikalia tena, na Aminieli, ameipa mgongo, alikuwa amejiinamia anatazama mdudu. Hakupepesa. Hata ukope.

Haya. Haya basi. Yalikuwa ni maji. Siku zote yalikuwa ni maji, yalimwambia miguuni kabla pembe haijawaambia wengine masikioni, ndiyo maana alikuwa wa kwanza, mtoto anayesikia angengoja pembe, angekuwa wa pili, wa tatu, ushahidi wote ule, mto wote ule aliolalia, ulikuwa umejazwa nini... Dina alishika ungo kwa mikono miwili kana kwamba ungo ndio ungeanguka, na Same ikaja, joto la Same, chumba cha bati kwenye kambi ya reli, alimng'ang'ania Andrea kwa barua nzima, nataka kuja, nimekukumbuka, mama mkwe akasema mtoto bado mdogo kwa mbu wa bondeni, mwache hapa au mngoje mumeo aje, yeye akaenda, wiki mbili za furaha, na wiki ya tatu homa, siku nne macho yamegeuka juu, sindano za kwinini, degedege, kisha asubuhi moja akaamka akanyonya, wakalia kwa furaha, amepona, amepona... na kabla ya hapo alikuwa akigeuka. Alikuwa akigeuka! Akiimbiwa usiku alikuwa akinyamaza ili asikie. Dina alilijua hilo, alilijua muda wote, na alilifukia, maana kulifukua ni kusema, mimi ndiye niliyemteremsha, kwa hamu yangu mwenyewe nilimteremsha bondeni, akapanda mlima huu bila masikio, mgongoni mwangu, nikiimba.

"Bibi, tupe maganda," ni Filipo, amesimama mbele yake, mkono umenyooshwa. "Huyo siyo bibi, ni mama Amini," Lea akasema huku akija nyuma, "shikamoo tena, tunaomba maganda ya haragwe, ni mitumbwi." Dina akachota maganda, macho yamejaa, na Lea akayaona, watoto huona, akasogea karibu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemficha mwingine aibu, "Amini hakuzama, mama Amini. Hazami. Maji yakija anajua." "Ninaona." "Akiitwa ndiyo hajui. Basi tunamletea." "Mnamletea nini?" "Mimi ua la boga." "Mimi gunzi!" Filipo akapaza. "Yeye gunzi. Mimi ua. Tunatia majini, likimfika anajua nani anamwita." Dina akasikia neno moja moja kama linavyotua. "Na kwa nini... kwa nini usiende tu ukamshika?" Lea akashangaa, swali gani hilo la mtu mzima. "Ukimshika kwa nyuma anashtuka, analia. Ukimletea ua anacheka." "Tangu lini, mwanangu?" "Tangu vuli. Na bibi anapiga mchi chini, puu, puu, anakuja kula." "Na mimi?" Dina alisema, na hakujua kwa nini anamwuliza mtoto wa miaka sita jambo hilo, "mimi je, namwitaje?" Lea akamtazama, akafikiri, hakupata njia ya kulizunguka. "Wewe unaita," akasema.

Unaita. Tangu vuli. Maua mangapi, Lea, ua moja asubuhi, moja jioni, huyu mtoto amepanda hapa mara ngapi kwa miguu hii myembamba na shikamoo yake, na yeye Dina akawaza, michezo... na mchi. Puu, puu. Siku ile mwezi wa nne, alimwita Aminieli mara nyingi mpaka akaanza kupandisha hasira, na mama mkwe akaweka chini anachofanya, akachukua mchi, akaupiga kwenye ardhi mara mbili, mtoto akageuka akaja, na mama mkwe akasema, huyu mjukuu wangu anasikia kwa miguu, akacheka, na Dina akakichukua kile kicheko akakimbilia nacho kwenye kahawa akalia, alidhani amesimangwa, mtoto wako mtukutu, hasikii mpaka afukuzwe kwa miguu, hajalelewa. Kwa miguu. Alikuwa akimwambia. Hakuwahi kumwona mama mkwe akimjia mtoto kwa nyuma, sasa ndiyo anakumbuka, huzunguka, na goti lake lile bovu, anazunguka ua mzima amjie usoni, na mwezi ule walipotoka Same hakusema nilikwambia, hakusema hata siku moja, alipokea mtoto mgongoni akasema, karibuni nyumbani. Wote wanajua. Ernesta anajua, asingejua mtoto wake anachotia majini? Ndio maana humpigia kelele za utani kila siku, uso mrefu, posa, maganda kichwani, wanamzunguka, yeye naye, wasimjie kwa nyuma, wasimshtue. Kitongoji kizima kilikuwa kinamngoja, na kizibo mkononi, na pembe iko mbali kwenye jiwe.

"Dina, maharage!" jikoni, lakini siyo kwa ukali, haikuwahi kuwa kwa ukali, alikuwa amelisikia vibaya hilo pia. "Nakuja, mama," na sauti yake ilitoka, akashangaa, ilitoka yote. Chini uani maji mapya yalikuwa yameufuata mchirizi na kuijaza ndiva ya watoto, Aminieli amekaa kitako ukingoni, ameipa njia mgongo, mikono yote miwili imezama mpaka viwiko, ametulia, anasikiliza kwa mikono, hivyo ndivyo, anasikiliza, nani alisema mtoto huyu hasikilizi, hajawahi kumwona mtu anayesikiliza namna ile hata kanisani. Na kuhusu Andrea... hofu ilikuwa bado ipo, haikwenda popote, atamwambia nini, atamwambia niliandika uongo, atamwambia hakusema baba, alimsemea mbuzi, na lile la homa walijua wote wawili, walilala wote wawili kwenye chumba kile cha bati, labda Andrea naye amelifukia, labda filimbi ndiyo mfuniko wake, na yeye anautafutia gunia... akaliwaza hilo kwa mara ya kwanza, mwanamume peke yake kwenye duka la Mhindi anapuliza filimbi moja baada ya nyingine, anachagua inayolia kuliko zote.

Ikalia. Kali, ya bati, na punje ikitetema ndani yake, kwenye kona, chini ya kahawa za Ernesta, na kuku wakakimbia, Filipo akaruka, mama mkwe akatokea mlangoni na unga mikononi, "Mwanangu huyo! Dina, mwenzio!" Ikalia mara ya pili, ndefu. Vichwa vyote viliinuka uani isipokuwa kimoja, na Dina alijua bila kuona kwamba Andrea amechuchumaa pale njiani, mzigo chini, mikono wazi. Lea alikuwa ameshalichuma ua. Alikuwa ameshafika kwenye jiwe, amechuchumaa, ua mkononi. "Ngoja, mwanangu," Dina akamwambia, "hili niachie mimi," akapapasa kwenye ungo, asichague lililo zuri, ganda moja tu, la haragwe jekundu, limekunjuka mfano wa mtumbwi, akalitua juu ya mchirizi na kuliachia. Lilizunguka. Likapinda upande usiofaa, likakwama kwenye unyasi, na mkono wake ukataka kwenda kulisukuma, akaushika kwa mkono mwingine, mara ya tatu filimbi ikalia, fupi, na mwishoni ilikuwa na swali, Dina usiite, usiite, mwache baba yake angoje, atajifunza kungoja, sote tutajifunza, na maji yakasukuma polepole nyuma ya ganda, yakaukunja ule unyasi, likaachia, likateremka, likapita jiko la vigae na makande yasiyoiva. Filimbi ikalia mara ya nne, ambayo haikuwemo kwenye barua. Ganda likaingia kwenye ndiva ya watoto, likaelea, likamgusa kidoleni. Aminieli akaliokota. Akaligeuza, akalitazama ndani na nje, si ua, si gunzi, hili hajaletewa bado, hili la nani, akainua uso, akaanza kuyafuata maji kwa macho, kupanda, kupanda, yalikotoka.